Avoka ya Mtoto Isifike kwa Kasuku



Juma hili tunazungumza juu ya ndege tunaowafuga nyumbani na matunda tunayowapa. Najua kuna mama atakayesema: tuna mambo makubwa kuliko hayo, tuna karo ya shule, bei ya unga na malaria ya watoto. Ni kweli. Lakini ndege wa nyumbani anaishi karibu na mtoto. Anakula kutoka mkononi mwa mtoto. Akifa ghafla, mtoto ndiye anayelia, na mara nyingine mtoto ndiye anayelaumiwa. Ndiyo maana jambo hili linatuhusu sisi wamama.

Katika lupango zetu utakuta kuku na njiwa, na hapa na pale utakuta kasuku, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu anayeita watu kwa majina, au wale wadogo. Wote wanapenda matunda, na matunda yanawafaa. Papai, embe, ndizi, mapera, yote ni mazuri kwao. Tunda moja tu tunalolipenda sana ndilo linaloweza kuwaua. Tunda hilo ni avoka, ambayo jirani zetu wa Tanzania wanaiita parachichi.

Kwa nini avoka

Avoka ni chakula kizuri cha mtoto. Mtoto akifikisha miezi 6, tunaanza kumpa vyakula laini pamoja na titi la mama, na avoka iliyopondwa ni kati ya vyakula vya kwanza. Haihitaji moto, ina mafuta yenye nguvu, na mtoto haikatai. Kwa hiyo mtoto anakua akijua kwamba avoka ni kitu kizuri. Siku akipewa kipande akakimegea kasuku wake, anafanya kama alivyofundishwa na mama yake: anagawa alicho nacho na yule anayempenda.

Ndani ya avoka kuna kitu kinachoitwa persini. Kiko kwenye majani, kwenye gamba la mti, kwenye ganda la tunda, kwenye mbegu na hata kwenye nyama ya tunda. Sisi watu hakitudhuru. Kwa ndege kinaharibu misuli ya moyo. Moyo ukidhoofika, maji yanajaa karibu na moyo na mapafu, na ndege anashindwa kupumua.

Mwaka 1989 waganga wa mifugo wa Marekani waliandika yaliyowapata ndege wadogo wa kizimbani waliopewa avoka: baadhi yao walikufa kabla ya siku 2 kwisha. Mwaka 1994 wenzao wa Afrika Kusini waliandika juu ya mbuni waliokufa kwa kula avoka. Mbuni ndiye ndege mkubwa kuliko wote duniani, na moyo wake uliharibika vilevile. Kuku anastahimili zaidi kuliko kasuku na ndege wadogo, lakini hakuna sababu ya kumjaribu. Maganda na mbegu za avoka tuzitupe shimoni, tusizitupe uwanjani wanapodonoa kuku.

Wenye mbuzi nao wasikie. Mbuzi anayenyonyesha akila majani ya mti wa avoka, chuchu zinavimba na maziwa yanapungua au yanakauka kabisa. Ukifunga mbuzi chini ya mti huo ili apate kivuli, angalia kamba yake inafika wapi.

Dalili za ndege aliyekula avoka

Ndege aliyedhurika na avoka anaanza kwa kunyamaza. Yule aliyekuwa akipiga kelele tangu asubuhi anakaa kimya, manyoya yamesimama kama anayesikia baridi. Anashuka kutoka kwenye kijiti chake na kukaa chini ya kizimba. Anapumua kwa shida, mdomo wazi, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Hataki kula. Mara nyingi mambo haya yanaonekana katika saa 12 hadi siku 2 baada ya kula.

Hakuna dawa inayoondoa persini mwilini. Ukiona mtoto amempa ndege avoka, ondoa mara moja iliyobaki, pamoja na vipande vilivyoanguka chini ya kizimba. Mweke ndege mahali penye joto na utulivu, mbali na upepo, mbali na moshi wa mkaa. Mwachie maji safi, lakini usimmiminie maji wala mafuta mdomoni, kwa maana yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mwite veterineri, umweleze alikula nini, kiasi gani na saa ngapi. Ndege aliyeonja kidogo anaweza kupona.

Asilaumiwe mtoto, asilaumiwe jirani

Hapa tuseme wazi, kwa sababu tunaishi pamoja na tunajuana. Ndege aliye mzima jioni akikutwa amekufa asubuhi, bila jeraha, bila ugonjwa uliojulikana, maneno yanaanza. Nani alipita hapa jana? Jirani alimwangalia vile kwa nini? Na mtoto aliyekuwa naye mara ya mwisho anaanza kuangaliwa kwa jicho lingine, hasa akiwa yatima, au mtoto wa kambo, au mtoto mwenye ndoto mbaya za usiku.

Mama, kabla ya neno lolote kutoka kinywani, uliza: jana ndege huyu alikula nini? Tafuta ganda la avoka. Angalia kijiti anachokalia kilikatwa kwenye mti gani. Swali hilo moja linaweza kumwokoa mtoto na maumivu ya maisha yake yote. Sheria ya nchi yetu ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza kumshitaki mtoto kuwa mchawi, na anayefanya hivyo anaadhibiwa. Ndege aliyeuawa na tunda ameuawa na tunda.

Na yule mtoto aliyetoa avoka kwa mapenzi, asipigwe. Aelezwe kwa upole kwamba hakujua, na kwamba sasa anajua. Mtoto aliyeelezwa vizuri atakuwa mlinzi wa ndege anayefuata, na atawafundisha wenzake.

"Mbona wa kwangu hakufa?"

Kuna mama atakayesema: kasuku wangu amekula avoka mara nyingi na yuko hai. Inawezekana. Avoka si za aina moja, na persini iliyo ndani yake hailingani. Ndege mmoja anaonja na kuacha, mwingine anamaliza kipande. Aliyepona jana hatuonyeshi kwamba atapona kesho.

Tufikiri pia juu ya uzito. Kasuku wa kijivu ana gramu 400 hadi 500. Mtoto wa mwaka mmoja ana kama kilo 10. Mtoto ni mzito kuliko kasuku mara 20 au 25. Kijiko kimoja kinachoonekana kidogo mkononi mwako, kwa kasuku ni kama vijiko 20 na zaidi kwa mtoto wako. Na wale ndege wadogo wenye uzito wa gramu chini ya 50, kwao hata kipande cha ukucha ni kingi.

Jambo hili kwetu si geni. Sisi tunajua muhogo mchungu. Tunajua kwamba unalowekwa siku kadhaa, unaanikwa, ndipo unatwangwa unga wa bukari. Hakuna mama anayempa mtoto muhogo mchungu mbichi kwa sababu tu mtoto wa jirani aliuonja akapona. Tangu zamani jiko la mama linachagua: hiki kwa mtu mzima, hiki kwa mtoto, hiki kwa mgonjwa. Tuongeze sasa: hiki si cha ndege.

Matunda yanayomfaa ndege

Papai lililoiva ni zuri sana, na mbegu zake hazina shida. Embe ni zuri, likimenywa na kokwa likiondolewa. Ndizi mbivu, mapera, nanasi, tikiti na chungwa navyo vinafaa, vikikatwa vidogo. Kasuku wa porini anakula ngazi, ile mbegu nyekundu ya mchikichi tunayokamulia mawese, kwa hiyo ngazi mbichi iliyooshwa, moja au mbili, ni chakula anachokijua kutoka kwao.

Rangi ina maana yake. Papai, embe, boga, viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, na ngazi yenyewe, vinaupa mwili vitamini A, ileile inayolinda macho ya watoto wetu. Ndege anayelishwa mahindi na mbegu kavu peke yake mwaka mzima hukosa vitamini hiyo, na hapo pua, koo na kifua vinaugua kwa urahisi. Kasuku wa kijivu pia hupungukiwa chokaa ya mwili upesi kuliko ndege wengine, na chokaa ikipungua sana anatetemeka na kuanguka. Majani kama matembele, yakioshwa vizuri, yanamsaidia, na jua la asubuhi kwa muda mfupi linamsaidia mwili wake kutumia chokaa hiyo.

Na pilipili? Watu wanashangaa kuona kasuku anatafuna pilipili bila kulia. Ndege hasikii ukali wa pilipili kama tunavyousikia sisi. Mwache ale.

Lakini tunda lisiwe chakula chote. Tunda ni maji na sukari. Kasuku anahitaji pia mahindi, majani, maharagwe yaliyopikwa bila chumvi, karanga chache. Njiwa yeye ni ndege wa nafaka: mahindi yaliyovunjwa na mtama ndiyo chakula chake, na tunda kwake ni kionjo tu. Kwa kasuku, vipande 2 au 3 vya tunda vyenye ukubwa wa ncha ya kidole, kwa siku, vinatosha. Ukiona kinyesi kimekuwa na maji kidogo baada ya kula papai, usiogope, ni maji ya tunda. Kikiendelea hivyo siku nzima bila tunda, au ndege akinyamaza, hapo ndipo kuna ugonjwa.

Namna ya kumpa

Kwanza osha mikono. Kisha osha tunda kwa maji safi, yaleyale unayoyaamini kwa kunywa kwa mtoto. Sisi wa Haut-Lomami kipindupindu tunakijua, hatuhitaji kufundishwa kwamba maji machafu yanaleta msiba. Menya ganda la embe na la chungwa. Ondoa kokwa. Kata sehemu iliyooza, na kama tunda lina ukungu litupe lote. Tunda lililoumwa na popo usimpe ndege wala mtoto.

Weka tunda kwenye kisahani chake, mbali na chakula kikavu. Baada ya saa 2 ondoa lililobaki, maana kwa joto letu tunda linachacha upesi na kuvuta nzi. Msimu wa maembe mvua zinapoanza, yale yaliyoanguka na kulala chini siku 2 yameanza kugeuka pombe. Tumbo la ndege haliyawezi.

Vitu vingine vya kumnyima ni hivi: muhogo mbichi na sombe isiyopikwa, kwa sababu ya ile sumu tunayoijua, sombe yenyewe iliyopikwa kwa chumvi na mafuta, kitunguu, kahawa na chai, chokoleti, samaki wa chumvi, maharagwe makavu yasiyopikwa, karanga zenye ukungu, ambazo hata sisi hatupaswi kula. Na wale wanaomnywesha kasuku bia au lutuku ili wacheke anavyoyumba, waambiwe waache. Ini la ndege haliwezi pombe.

Kijiti anachokalia nacho kina maana, kwa sababu kasuku anatafuna kijiti siku nzima. Usikikate kwenye mti wa avoka. Tawi la mpera ni zuri, ni gumu na halimdhuru.

Mdomo wa ndege na mdomo wa mtoto

Mtoto asimlishe ndege kwa mdomo wake, na asile tunda lililodonolewa na ndege. Kuna ugonjwa unaoitwa homa ya kasuku. Unatoka kwa ndege kwenda kwa mtu kwa njia ya vumbi la kinyesi kilichokauka na manyoya. Mwaka 1929 na 1930 ulienea katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika, ukibebwa na kasuku waliosafirishwa kwa meli kutoka Amerika ya Kusini, na watu walikufa. Siku hizi una dawa, mradi utambuliwe mapema. Mtu anapata homa, kichwa kinauma sana, anakohoa kikohozi kikavu. Ni rahisi kuudhani malaria au mafua. Kwa hiyo ukienda kituo cha afya na dalili hizo, mwambie muuguzi kwamba nyumbani mnafuga ndege.

Kusafisha kizimba, nyunyizia maji kwanza ndipo ufagie, ili vumbi lisiruke. Funika pua na mdomo kwa kitambaa. Mama mjamzito amwachie mtu mwingine mzima kazi hiyo. Kizimba kisikae jikoni wala karibu na kitanda cha mtoto mchanga. Na baada ya kumshika ndege, mikono kwa sabuni, kila mara.

Kasuku hawaongezeki sokoni

Neno moja la mwisho kwa wanaofikiria kununua kasuku. Mwaka 2016, mjini Johannesburg, nchi zilizo katika mkataba wa CITES ziliamua kumweka kasuku wa kijivu katika orodha ya juu ya ulinzi, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini imekatazwa. Sababu ni kwamba wanakamatwa wengi kuliko wanaozaliwa. Jike anataga mayai 3 hadi 5 katika tundu la mti mkubwa, na mti ukikatwa, makazi ya watoto wake yamekwisha. Wengi wa wanaokamatwa hufa njiani kabla ya kufika sokoni.

Anayefuga kasuku tayari, amtunze vizuri. Ndege huyu akilishwa inavyostahili anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Atawaona watoto wako wakioa na kuolewa. Asiye naye, asinunue aliyekamatwa msituni juzi. Njiwa na kuku wanatosha kumfundisha mtoto kutunza kiumbe, na kuku analeta mayai.

Kazi ya juma hili kikundini

Katika mkutano wenu, fanyeni mambo 3. La kwanza, kila mama aangalie kwake: kizimba kiko wapi, kijiti ni cha mti gani, maganda ya avoka yanatupwa wapi. La pili, kila mama awaeleze watoto wa nyumba yake, na wa jirani wanaokuja kucheza, kwa maneno haya mafupi: "Papai ndiyo, avoka hapana." Mtoto wa miaka 4 anaweza kuyashika. La tatu, mama anayefuga kasuku au njiwa awaonyeshe wenzake anavyokata na kupima tunda, ili wasiojua waone kwa macho.

Avoka iendelee kupondwa kwa watoto wetu, wapate afya na nguvu. Ila bakuli likimalizika lioshwe, na mikono ya mtoto ioshwe, kabla hajakimbilia kizimbani kwa rafiki yake.

Mbaki salama, hadi juma lijalo.